Kwa Nini CD4 520 na CD4 430 Zaweza Kuwa Jibu Moja

Juma hili tena amefika kwenye dirisha la maabara yetu mama mwenye karatasi mbili za majibu ya CD4, moja ikisema seli 520 kwa kila mikrolita ya damu na nyingine 430, akiwa ameshaambiwa na jirani kwamba dawa za VVU zimemshinda. Nimechoka kuona watu wakikosa usingizi kwa sababu ya imani kwamba mashine huhesabu seli zote za CD4 mwilini (seli nyeupe za kinga zenye alama iitwayo CD4, ambazo VVU huzishambulia) na kutoa idadi isiyo na kosa.

Flosaitometa, yaani mashine hiyo ya kuhesabu seli, hupokea mikrolita 50 hivi za damu iliyochanganywa na kingamwili zenye rangi za kung'aa, zinazonasa kwenye alama za seli. Seli hupita moja moja mbele ya leza, na kila moja hutambuliwa kwa mwanga inaoutoa. Hilo halina mjadala.

Mjadala uko kwenye geti, yaani mpaka unaozungushiwa kwenye skrini kundi la limfosaiti, aina ya seli nyeupe ambamo seli za CD4 zimo. Alama ya CD4 peke yake haitoshi, kwa kuwa monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zinayo, ingawa kwa uhafifu, na ndiyo maana tunadai pia CD3, alama ambayo monosaiti hazina. Damu ikiwa mbichi, makundi hutengana waziwazi. Ikikaa mno, seli zinazokufa hutapakaa katikati, na hapo nakiri kwamba mimi na mwenzangu, sote wazoefu, twaweza kuchora mipaka isiyolingana. Hata hivyo jibu litatoka kama tarakimu moja, bila dalili yoyote ya shaka hiyo, jambo ambalo limenisumbua tangu nianze kazi.

Kisha kuna pipeti, kifaa cha kupimia na kuhamisha damu kidogo. Katika mirija yenye shanga ndogo mno za idadi inayojulikana, tunapata hesabu kwa kulinganisha seli na shanga, hivyo damu ikipungua kwa asilimia 10 wakati wa kuipima, 520 hugeuka 468 ilhali mwilini hakuna kilichobadilika. Mwili wenyewe nao hautulii: CD4 huwa chini asubuhi na kupanda jioni, na maradhi ya muda mfupi huishusha. Mwongozo wa tiba ya VVU wa Marekani huhesabu kuwa badiliko la kweli ni lile linalofika takriban asilimia 30. Kutoka 520 hadi 430 ni asilimia 17 tu. Asilimia ya CD4 miongoni mwa limfosaiti hutulia zaidi, lakini watu wengi huiruka wanaposoma karatasi.

Kama dawa zinafanya kazi au la, ulizeni kipimo cha wingi wa virusi. CD4 ina kazi yake, hasa kumtambua mtu mzima aliye chini ya 200, ambaye Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa na ugonjwa wa VVU uliokithiri na anayehitaji kuchunguzwa kifua kikuu na kriptokokasi, kuvu inayoweza kushambulia ubongo. Hapo ndipo shaka yangu ni kubwa kuliko kwa yule mama, kwa sababu mgonjwa wa 210 huvuka mpaka huo kwa seli kumi ambazo pipeti ingeweza kumpa au kumnyima, na mimi ningependa daktari amchunguze kana kwamba hakuvuka.