All-American si mchezaji wa timu ya taifa

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, neno hili linarudi. Klabu ya soka ya Ulaya inamsajili binti aliyetoka chuo kikuu cha Marekani, wasifu wake unasema ni "All-American mara tatu", na haipiti saa nyingi kabla kurasa za michezo za Kiswahili hazijaandika kwamba ameichezea timu ya taifa ya Marekani. Chini yake anatokea msomaji wa kusahihisha: hapana, maana yake ni Mmarekani halisi, mzaliwa wa kule kule. Wa tatu naye ana lake, kwamba ndiye mchezaji bora wa Marekani wa mwaka huo. Wote wamekosea, lakini wa kwanza ndiye anayeudhi, kwa sababu kosa lake limevaa nguo za habari na kesho litanakiliwa na wengine kumi.

Maana yenyewe ni fupi. All-American ni mchezaji wa chuo ambaye msimu ukiisha huteuliwa kwenye kikosi cha heshima cha waliofanya vizuri kuliko wenzao katika vyuo vya nchi nzima. Kikosi hicho huitwa All-America, na aliyemo ndani yake ndiye All-American. Ni kikosi cha kwenye karatasi: hakina kocha, hakifanyi mazoezi, hakisafiri, hakitacheza mechi hata moja. Anayefuatilia tuzo za TFF anakijua kitu hiki kama kikosi bora cha msimu. Kule wachezaji wa kuchaguliwa ni wengi mno, maana daraja la kwanza la NCAA, chombo kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo, peke yake lina timu za soka la wanawake zaidi ya 330, ndiyo sababu hutajwa kikosi cha kwanza, cha pili, na vingine chini yao. "Mara tatu" basi ni misimu mitatu ya kuteuliwa. Si mechi tatu.

Swali linalomaliza ubishi ni hili: nani anateua? Timu ya taifa huitwa na kocha wa shirikisho la soka la Marekani. Kikosi cha All-America kinachotajwa sana katika soka la wanawake hutolewa na chama cha makocha, kilichoanzishwa 1941, ambacho kwa miaka mingi kiliitwa NSCAA na tangu 2017 kinajulikana kama United Soccer Coaches. (Ukikuta wasifu wa zamani umeandika "NSCAA All-American", ni heshima ile ile, chama kilibadili jina, hakikuongeza tuzo.) Makocha wa vyuo hupendekeza na kupigia kura wachezaji, wakianza na vikosi vya kanda ndipo wapande hadi cha nchi nzima. Shirikisho halimo humo, na anayeteuliwa haitwi kambini. Hupewa cheti na kutambuliwa mbele ya makocha kwenye mkutano wao wa Januari, basi. Magazeti na tovuti za soka nazo hutoa orodha zao, kwa hiyo mtu anaweza kuwa All-American kwa hawa na asiwe kwa wale, na hakuna aliyedanganya.

Sasa hilo neno "All" lilitoka wapi? Halikutoka kwenye soka kabisa. Lilitoka kwenye futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wa yai, mwaka 1889. Mwandishi Caspar Whitney na Walter Camp, mtu wa chuo cha Yale ambaye wengi humwita baba wa mchezo huo, walihusika na orodha ya kwanza ya wachezaji 11 waliohesabiwa kuwa bora nchini, na mpaka leo wanahistoria wanavutana nani kati yao apewe sifa zaidi. Wazo lilikuwa jepesi: badala ya kusifu kikosi cha chuo kimoja, chagua mtu bora wa kila nafasi bila kujali anasoma wapi, umpange pamoja na wengine kana kwamba wangeweza kucheza upande mmoja. "All" ilihusu mahali pa kutafutia. Haikuuliza mtu ni wa nchi gani.

Na hata hapo mahali pa kutafutia palikuwa padogo kuliko jina. Wachezaji wote 11 wa orodha ile ya 1889 walitoka vyuo vitatu: Harvard, Yale na Princeton, vyote vya kaskazini mashariki. Marekani nzima ilitoshea kwenye safari fupi ya treni! Camp aliendelea kutoa orodha zake kwa miaka mingi baadaye, vyuo vikaongezeka, na wenye mpira wa kikapu na michezo mingine wakaazima jina kama lilivyo. Soka likawa miongoni mwa waazimaji, na soka la wanawake likafika mwisho kabisa, kwa sababu ya kueleweka: lilikuwa halijapewa nafasi vyuoni.

Nafasi hiyo ilianza kufunguka baada ya 1972, ilipopitishwa sheria inayojulikana kama Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vililazimika kuanzisha timu za wanawake. Mwaka 1981 palifanyika ubingwa wa taifa wa vyuo chini ya AIAW, chombo kilichosimamia michezo ya wanawake wakati huo, na Chuo Kikuu cha North Carolina wakautwaa. Mwaka 1982 NCAA ikaanzisha wake, na North Carolina wakautwaa tena.

Anayesema All-American ni mchezaji wa timu ya taifa aitazame vizuri hiyo miaka, kisha aitafute timu ya taifa ndani yake. Haipo. Timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 18 Agosti 1985, huko Italia, ikafungwa 1–0. Kabla ya siku hiyo makocha wa vyuo walikuwa tayari wanatoa orodha zao za All-America kwa wanawake. Hao wa mwanzo wangekuwa wachezaji wa timu gani ya taifa? Heshima ilitangulia, timu ikafuata.

Haki ya mkosaji nayo isemwe: mkanganyiko huu una mzizi. Anson Dorrance alikuwa kocha wa North Carolina na kwa wakati huo huo, kuanzia 1986 hadi 1994, kocha wa timu ya taifa. Kikosi kilichokwenda China 1991 na kurudi na Kombe la Dunia la kwanza la wanawake kilijaa wachezaji wake wa chuoni, waliopo na waliomaliza. Kwa miaka hiyo majina yalikuwa yale yale pande zote mbili, na aliyekuwa akitazama kwa mbali angeona kitu kimoja. Lakini hata kwa Mia Hamm, mchezaji wa North Carolina na mfano unaotajwa kuliko wote, mambo mawili hayakwenda kwa saa moja. Aliichezea timu ya taifa mara ya kwanza 1987 akiwa na miaka 15, miaka miwili kabla ya kuingia chuo. Mwaka 1991 aliukosa msimu mzima wa chuo kwa ajili ya Kombe la Dunia, na mwaka huo akawa bingwa wa dunia bila kucheza mechi moja ya North Carolina. Heshima za chuo alizipata misimu mingine.

Kuhusu uraia, kesi iliyo wazi kuliko zote ni ya Catarina Macario. Alizaliwa Brazil, akahamia California na familia akiwa na miaka 12, akaenda kusoma Stanford. Mwaka 2018 na tena 2019 alishinda Hermann Trophy, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, na kikosi cha All-America alikuwa amekiingia pia. Katika misimu yote hiyo hakuwa raia wa Marekani na hakuweza kuichezea hata dakika moja. Uraia aliupata Oktoba 2020. FIFA ikatoa kibali Januari 2021, na mwezi huo huo ndipo alipovaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Colombia. Kwa mantiki ya wale wanaonisumbua, Macario angekuwa mchezaji wa timu ya taifa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuwa mmoja wao.

Wengine hawakubadili uraia kabisa, wala hakuna aliyewataka wabadili. Christine Sinclair ni Mkanada. Alikuwa ameanza kuichezea nchi yake akiwa na miaka 16, kabla ya kufika University of Portland. Mwaka 2005 alifunga mabao 39 katika msimu mmoja, rekodi ya daraja la kwanza, akachukua Hermann Trophy ya pili mfululizo, kisha akaendelea na Canada hadi mabao 190 ya kimataifa, ambayo hakuna mwanamke wala mwanamume aliyeyafikia. Raquel Rodríguez wa Penn State, mshindi wa 2015, ni wa Costa Rica. Na Onyi Echegini wa Florida State, mshindi wa 2023, ni Mnigeria: katikati ya mwaka huo alikuwa Australia na Super Falcons, timu ya taifa ya wanawake ya Nigeria, kwenye Kombe la Dunia, akarudi chuoni, Florida State wakamaliza msimu bila kufungwa na kuwachapa Stanford 5–1 fainali, naye akaondoka kwenda Juventus. Kumwita Echegini "mchezaji wa timu ya taifa ya Marekani" ni kuwapokonya Wanigeria mtoto wao kwa kosa la kusoma wasifu haraka.

Upande wa pili wa sarafu ni wale ambao hawakuwahi kuwa All-American hata kidogo. Bao pekee la fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, Marekani 1 Brazil 0, lilifungwa na Mallory Swanson, aliyeondoka UCLA mwaka 2017 bila kucheza mechi rasmi ya chuo. Trinity Rodman, aliyewatoa Wajapani kwa bao la muda wa nyongeza katika robo fainali, alikuwa amesajiliwa na Washington State lakini msimu wa 2020 ukaahirishwa kwa sababu ya korona, akaenda moja kwa moja kucheza soka la kulipwa. Wana medali za dhahabu shingoni na hakuna kocha wa chuo aliyewahi kuwapigia kura.

Hiyo Hermann Trophy niliyoitaja nayo isichanganywe. All-America ni kikosi, Hermann ni ya mtu mmoja kwa mwaka. Ilianza kwa wanaume 1967, wanawake wakaongezwa 1988, na wa kwanza wao kuipata alikuwa Michelle Akers wa Central Florida. Hutolewa na Missouri Athletic Club ya St. Louis kwa kura za makocha wa daraja la kwanza. Kwa hiyo yule msomaji wa tatu wa "mchezaji bora wa Marekani" alikuwa anaitafuta tuzo hii, ingawa hata hii ni ya vyuo tu.

Kuna na "Academic All-American", ambayo hutolewa na chama kingine kabisa, cha maafisa wa habari za michezo vyuoni, na humtaka mchezaji awe na alama nzuri darasani pamoja na kiwango uwanjani. Si ufadhili wa masomo, kama ninavyoona ikitafsiriwa.

Halafu ngazi. Daraja la pili na la tatu la NCAA zina vikosi vyao vya All-America, na vyuo vya NAIA, ambavyo viko nje ya NCAA, vina vyao. Hili linatuhusu sisi wa huku, kwa sababu mabinti wa Afrika wengi hupitia milango hiyo na si ile ya Stanford. Sandra Nabweteme wa Uganda alicheza Southwestern Oklahoma State, daraja la pili. Uchenna Kanu wa Nigeria alicheza Southeastern ya Florida, chuo cha NAIA, na baadaye ndiye aliyewasawazishia Super Falcons siku walipowafunga Australia 3–2 kwenye Kombe la Dunia 2023. Ukikutana na mchezaji wa njia hii mwenye heshima ya All-American, itaje na ngazi yake. Haimshushi, na inamsaidia kocha anayesoma wasifu huo kujua alipimwa dhidi ya nani.

Kwa hiyo wenzangu wa kurasa za michezo, mkiletewa taarifa ya usajili yenye neno hili, andikeni tu kwamba binti huyo "aliteuliwa kwenye kikosi bora cha vyuo vya Marekani", mtaje mwaka, kikosi cha kwanza au cha pili, na nani alikiteua. Kama ana timu ya taifa, hiyo iandikeni kwenye sentensi yake, mkianza na jina la nchi.