Kurudi kwa Biden 2020: wajumbe kwanza, shamrashamra baadaye

Mgombea akibwagwa katika majimbo ya mwanzo ya kura za mchujo, zile ambazo chama cha Marekani hutumia kumpata mgombea wake wa urais, swali ninalojiuliza si kama bado ana ari. Ari wanayo wote. Najiuliza: wapiga kura wake wamekwisha kupiga kura, au zamu yao haijafika?

Februari 2020 Joe Biden, akiwania tiketi ya chama cha Democratic, alishika nafasi ya nne Iowa, kisha ya tano New Hampshire, ambako alipata asilimia 8.4 na hakuambulia hata mmoja wa wajumbe, yaani wale wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama. Wengi walimzika siku hiyo. Lakini majimbo hayo mawili yana wapiga kura Weusi wachache sana, na hao ndio waliokuwa ngome yake. Yeye mwenyewe aliondoka New Hampshire kabla matokeo hayajatangazwa, akaenda South Carolina, ambako Weusi ni zaidi ya nusu ya wanaopiga kura za mchujo za Democratic. Mbunge Jim Clyburn, mtu anayesikilizwa sana huko, alimuunga mkono tarehe 26. Siku tatu baadaye Biden alishinda kwa karibu asilimia 49.

Hoja ya "jimbo langu linakuja" inataka tahadhari, maana Rudy Giuliani, mgombea wa Republican, aliitumia mwaka 2008. Aliisubiri Florida huku wenzake wakishinda kwingine, na ilipofika akawa wa tatu, akajitoa kesho yake. Tofauti ninayoiona ni kwamba Giuliani alikuwa akiongoza kura za maoni tu, na uongozi wa namna hiyo huyeyuka mtu asipoonekana akishinda. Uhusiano wa Biden na wapiga kura wa South Carolina ulikuwa wa miaka mingi.

Hata hivyo, South Carolina peke yake isingetosha. Kwa Democratic, wajumbe hugawanywa kwa uwiano, lakini asiyefikisha asilimia 15 hapati kitu. Wagombea wa mrengo wa kati walikuwa wakigawana kura zilezile na kumwachia nafasi Bernie Sanders wa mrengo wa kushoto. Kati yao, Pete Buttigieg alijitoa tarehe 1 Machi, Amy Klobuchar tarehe 2, wote wakamuunga mkono Biden. Jumanne Kuu ya tarehe 3, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, Biden alitwaa majimbo 10 kati ya 14, ikiwemo Minnesota, nyumbani kwa Klobuchar, na hata Massachusetts, nyumbani kwa mgombea mwingine, Elizabeth Warren. Mimi naipa hatua hii uzito kuliko hotuba yoyote ya wiki ile.

California ilikwenda kwa Sanders. Huko wengi walikuwa wamekwisha kutuma kura zao kwa posta kabla South Carolina haijaamua, kwa hiyo wimbi liliwapita. Lakini mgawanyo wa uwiano uliomsaidia Sanders mwanzoni sasa ulimbana, kwa sababu anayeongoza kwa wajumbe hata akishindwa jimbo huondoka na fungu lake, na pengo halizibiki haraka. Tarehe 8 Aprili Sanders alijitoa.