Sinki la kuogea la zamani: ulitoe kabla ya kuuza nyumba?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi hili sinki la kuogea nilitoe kabla sijauza, au nitafute jipya?"

Simu ilitoka Shangani, hapa hapa Mtwara mjini. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya bandari ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, mji ukabaki. Katika nyumba za zamani bado nakutana na masinki ya chuma, marefu kama mtumbwi, mpako mweupe umebanduka na kutu imeshika pale kwenye tundu la kutolea maji. Kamusi inaliita hodhi. Sijawahi kumsikia fundi akilitamka hivyo.

Mimi ni mthamini wa nyumba na viwanja, na jibu langu lilimshangaza mama: sinki halina mstari wake kwenye ripoti yangu. Nyumba kama yake mara nyingi tunaipima kwa gharama ya kuijenga upya leo, tunapunguza uchakavu, kisha tunaongeza thamani ya kiwanja. Tuseme nyumba ina mita za mraba 120, na ujenzi ni shilingi 600,000 kwa mita. Hiyo ni milioni 72. Nikiona uchakavu ni asilimia 40, jengo linabaki na milioni 43.2. Nikiona ni asilimia 35, ni milioni 46.8. Tofauti ya milioni 3.6 imetoka wapi? Imetoka kwenye hali ya jumla ya jengo: paa, nyaya, mabomba, kuta. Sinki jipya haliniondoi kwenye 40. Ukuta uliolowa unaweza kunipeleka 45.

Kwa hiyo nilipofika kwake sikuanza bafuni. Nilianza chumba cha jirani, nyuma ya ukuta wa bafu. Rangi ilikuwa imevimba na kumenyeka, chumvi imechanua chini kama unga. Maji yalikuwa yanapita pembeni ya sinki, pale lilipokutana na ukuta, yananywewa na tofali taratibu bila mtu kuona. Huo ndio ugonjwa uliokuwa unakula bei yake, na angeweka sinki jipya juu yake ugonjwa ungebaki.

Utasikia ushauri wa Marekani kwamba nyumba ya familia ibaki na walau sinki moja, kwa sababu wenye watoto wadogo wanalitaka. Huko sawa. Hapa mtoto anaogeshwa kwenye beseni, na mkubwa anamaliza kwa ndoo moja ya lita 20. Kulijaza sinki ni lita 150 au zaidi, yaani ndoo saba na nusu kwa mtu mmoja. Wanunuzi ninaowasindikiza hufungua bomba kwanza waone kama maji yanatoka, kisha wanauliza tenki ni la lita ngapi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza sinki. Anayetaka kufungua nyumba ya wageni Mikindani huenda akawa na mawazo tofauti, na huyo mwache anunue lake.

Nilimwambia mama alitoe, aweke bafu la kusimama. Ila kazi hii ina mtego. Sinki la chuma lina zaidi ya kilo 100, hivyo watu wanne si wengi. Na bomba lake la kutolea maji mara nyingi ni la inchi moja na nusu, linalotosha kwa sababu sinki lenyewe linashikilia maji yakisubiri zamu. Sakafu haisubiri. Weka bomba la inchi mbili, na sakafu iteremke kuelekea tundu kama sentimeta 2 kwa kila mita. Kabla ya marumaru, paka dawa ya kuzuia maji, ukutani pia. Kisha ziba tundu, mwaga maji, acha usiku kucha uone kama yanavuja. Fundi atakununia, mwache anune. Marumaru nunua za kawaida, maana za bei mbaya hazirudishi pesa yake.

Jambo moja wauzaji wengi hulisahau mpaka siku ya kodi: omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila kitu, mabomba, saruji, hata gundi. Ukiuza, kodi ya ongezeko la mtaji inahesabiwa kwenye faida, na gharama za kuboresha nyumba zikiwa na ushahidi zinapunguza faida hiyo. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu dukani haitakusaidia.

Mama ameshamaliza. Ukuta umekauka, tenki limepandishwa juu ya mnara. Sinki liko uani chini ya mchirizi wa bati, linakinga maji ya mvua, na mnunuzi wa kwanza aliyekuja kuangalia nyumba ameomba lisiuzwe chuma chakavu.