Mzizi umeua vidudu maabara. Je, unatibu saratani?

Juzi mama mmoja wa Ujiji alinionyesha chupa ya maji ya mizizi, imezibwa kwa gunzi la mahindi, imebaki nusu. Mwanawe ana uvimbe wa taya. Muuzaji kamwambia dawa hiyo imepimwa maabara, ikaua. Maswali yake wengi wanayo.

Walipima nini?
Mara nyingi huanza na atemia, vidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba. Ukivitazama ni vijidoa vinavyokimbilia mwanga. Huwekwa kumikumi kwenye vichupa, kila kichupa na kipimo chake cha dawa ya mmea. Baada ya saa 24 mtafiti anahesabu vilivyokufa, anatafuta kiwango kinachoua nusu yake.

Vikifa, si ndiyo dawa yenyewe?
Hapana. Vikifa, tumejua mna sumu tu. Dawa ya panya nayo ingeviua. Inayotafutwa ni sumu itakayoua seli za saratani kwa kiwango ambacho mgonjwa anakistahimili, na hapo ndipo nyingi hukwama. Maitansini, iliyotoka kwenye mti wa Ethiopia, iliua seli za saratani vikali mno. Wagonjwa walipojaribiwa iliwaumiza tumbo na mishipa ya fahamu, ikawekwa kando. Ni mwaka 2013 ndipo Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti ambamo kemikali iliyo jamaa yake wa karibu imefungwa kwenye kingamwili, protini inayoipeleka hadi kwenye seli yenye ugonjwa.

Basi mimea haina kitu?
Inacho! Vinkristini, inayotibu watoto wenye saratani ya taya iitwayo Burkitt, hutoka kwenye lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano tunalopanda barazani. Lakini hospitali humpa mtoto kwa mshipa, kwa miligramu, kulingana na ukubwa wa mwili wake, na bado vidole huweza kufa ganzi. Jani la kuchemsha lina kemikali nyingine kadhaa, na sufuria haipimi hata moja. Tafadhali msilichemshe.

Nimpe hii huku tukisubiri rufaa?
Usimpe, mama. Burkitt hukua haraka kuliko karibu saratani zote, na ikiwahiwa inatibika vizuri. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya Maweni, wamkate kinyama cha kupima. Chupa usiifiche, nenda nayo. Daktari atataka kujua ile nusu iliyokwisha aliinywa kwa siku ngapi.