Je, wajua kwa nini tamathali za usemi za Kiingereza zina majina ya Kigiriki?

Anayesoma Kiingereza na uandishi wa insha hukutana mapema na orodha ya maneno mageni: metafora, anafora, haipaboli, oksimoroni. Hayafanani hata na Kiingereza chenyewe. Wengi huyakariri usiku wa kuamkia mtihani, na wiki ya pili yameshapotea. Naamini hupotea kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kila jina hapo ni picha.

Wagiriki ndio walioufanya ushawishi wa maneno kuwa somo. Inasimuliwa kwamba huko Siracusa, kisiwani Sicily, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, watawala wa kimabavu walipong'olewa watu walimiminika mahakamani kudai mali zao. Kila mtu alijisemea mwenyewe, kwa hiyo walimu wa kupanga maneno, Corax na Tisias, wakapata wanafunzi. Baadaye mwanafalsafa Aristotle alizigawa njia za kushawishi katika tatu: hulka ya msemaji, hisia za wasikilizaji na hoja yenyewe. Warumi wakaupokea ujuzi huo, shule za Ulaya zikaufundisha kwa Kilatini, na Uingereza ikaurithi pamoja na majina yake.

Na majina hayo yanaeleza kitendo. Metafora ni kuhamisha. Hadi leo nchini Ugiriki utalikuta neno hilo kwenye malori ya kuhamisha vyombo vya nyumbani. Haipaboli, yaani chuku, ni kurusha kupita shabaha. Kiasmo imetokana na herufi ya Kigiriki yenye umbo la X, kwa kuwa maneno hupishana kama mistari yake. Ndivyo alivyofanya Rais Kennedy wa Marekani mwaka 1961 aliposema usiulize nchi yako itakufanyia nini, uliza wewe utaifanyia nini nchi yako. Ninayoipenda kuliko zote ni oksimoroni, tamathali ya kuunganisha maneno yanayopingana, ambayo jina lake limeungwa kwa neno la "kali" na neno la "butu". Jina lenyewe ndio mfano wake!

Kuna Mwingereza aliyejaribu kuyabadilisha. Mwaka 1589 kilichapishwa London kitabu kuhusu sanaa ya ushairi, ambacho wengi wanaamini kiliandikwa na George Puttenham. Humo kinaya kiliitwa "dhihaka kavu" na haipaboli "mwongo wa sauti kubwa". Ni majina matamu, tena yanaeleweka papo hapo, lakini hayakushika. Wasomi walikwisha kuyazoea ya Kigiriki.

Kiswahili kilipita njia nyingine, ya Kiarabu. Istiara, jina letu la metafora, asili yake ni kuazima. Mgiriki aliona mzigo unahamishwa, Mwarabu akaona kitu kinaazimwa, na wote wawili walikuwa wakitazama jambo lile lile. Takriri ni ndugu wa kukariri, na tashbihi ni ndugu wa kushabihiana.

Kuijua picha husaidia hata kwenye mtihani. Huko Marekani, mtihani wa AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) wa lugha ya Kiingereza na uandishi una insha 3, na moja kati ya hizo humtaka mwanafunzi achambue mbinu za mwandishi. Kutaja jina la tamathali peke yake hakutoshi. Lazima aeleze inafanya kazi gani pale ilipo. Chukua hotuba ya Martin Luther King ya tarehe 28 Agosti 1963. Ukiandika tu kwamba ametumia anafora, yaani kuanza sentensi kadhaa kwa maneno yale yale, bado hujasema kitu. Lakini anafora maana yake ni kurudisha. Kila anaposema "nina ndoto", King anamrudisha msikilizaji pale pale alipoanzia, kisha anampeleka mahali papya: kwenye vilima vyekundu vya Georgia, halafu Mississippi, halafu kwa watoto wake wanne.