Presha ya mtoto si presha ya baba yake

118/78. Ndivyo daftari la kliniki lilivyosomeka, na pembeni mtu kaandika "Kawaida." Bibi aliyelileta alikuwa ameteremka Moshi mjini kutoka Kibosho na mjukuu wa miaka mitano, figo zake zikiwa zimebakiza nguvu kidogo sana. Mimi na umri wangu ningeifurahia presha hiyo. Kwa mtoto wa miaka mitano iko juu, maana presha ya mtoto husomwa kwa umri, jinsia na urefu wake.

Nikauliza alipimwa kwa mkanda gani. Ule wa watu wazima, tena ulimfunika mkono kutoka kwapani hadi kiwikoni. Mkanda mpana mno huficha presha. Mwembamba mno huipandisha bure. Mfuko wake wa hewa unatakiwa uwe na upana wa angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono wa juu. Kwa mkanda wa kitoto nikapata 126/84.

Tunahangaikia nini hasa? Kwa watoto wanaosafishwa damu, moyo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo, ingawa nyumbani wote wanatazama figo. Mtazame mgumu, yaani mpagazi anayepandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro, mashavu ya miguu yake yalivyojaa. Moyo unaosukuma damu dhidi ya presha kubwa hunenepa vivyo hivyo, hasa ukuta wa chemba ya kushoto. Lakini mgumu hushuka akapumzika. Moyo haushuki. Ukuta hukakamaa, chemba ikawa haijai vizuri. Juu ya hapo, figo ndizo hutoa homoni inayouamuru uboho utengeneze damu. Homoni ikikosekana, damu hupungua na moyo hukimbia ili kufidia. Maji yasiyotoka kama mkojo huongeza mzigo. Fosforasi nayo ikizidi kwa muda mrefu, kalsiamu huganda kwenye kuta za mishipa.

Mtoto haji kukwambia "moyo unauma". Anaacha mpira mapema kuliko wenzake. Anaomba mto wa pili, au anakohoa akilala chali. Ndiyo maana tunampiga picha ya moyo, yaani eko, hata akiwa anacheka.

Potasiamu, madini yaliyo tele kwenye ndizi na parachichi, ndiyo hunitia hofu zaidi huku kwetu, kwa kuwa ikipanda sana inaweza kuusimamisha moyo ghafla, nasi tunaishi kati ya migomba na miparachichi. Simkatazi Mchaga ndizi. Nitabaki bila wagonjwa. Nasema zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, kisha zipikwe kwa maji mapya. Mtori ndio unaoumia, maana utamu wake wote uko kwenye maji yake.

Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2018, naulizwa sana: akipata figo mpya, moyo si utapona? Hupata nafuu kweli. Maji na sumu huondoka, damu huongezeka, na mara nyingi ule ukuta hupungua unene. Ila dawa zinazozuia mwili kuikataa figo zina deni lake. Prednisoloni huleta njaa, unene na presha. Takrolimasi hubana mishipa na inaweza kuleta kisukari. Kuziacha ni kuipoteza figo, kwa hiyo hatuziachi: tunapima presha, sukari na mafuta ya damu miaka yote. Presha nyingine hujificha mchana ikapanda usiku, na ili kuinasa mtoto huvaa kipimo saa 24. Balungi nalo marufuku, kwa sababu hupandisha takrolimasi kwenye damu.

Nirudi kwa bibi wa Kibosho. Dawa alizitoa kwa saa zake, presha ikakataa kushuka.

"Chumvi tumeacha kabisa, daktari."

"Na magadi, bibi?"

Akanitazama kama mtoto wa mjini. "Magadi si chumvi."

Magadi ni sodiamu ileile, imevaa kanga nyingine. Kliniki iliyofuata presha ilikuwa 108/66, na bibi alikuwa na malalamiko: maharage bila magadi yanamaliza mkaa. Tukakubaliana ayaloweke usiku kucha, na maji ya kulowekea ayamwage.