Bakersfield haijakalia ziwa la mafuta, jamani

Kila nikitaja Bakersfield lazima atokee mtu aseme "ah, mji umekalia ziwa la mafuta ule, wanachota tu, Dubai ya Marekani". Hakuna ziwa! Mafuta yamo ndani ya mchanga, katikati ya chembe na chembe, na pale Kern River, eneo la visima lililo ng'ambo tu ya mto, ni mazito kiasi kwamba ukichimba ukakaa kusubiri yapande utazeeka.

Mji wenyewe haraka haraka: uko California, kusini mwa bonde la San Joaquin, watu laki nne na ushee, joto kali, hewa chafu, lozi na zabibu na karoti kila upande. Merle Haggard, yule mwimbaji wa muziki wa country, kazaliwa jirani hapo, Oildale. Mafuta waliyapata 1899, kisima cha kuchimba kwa mkono. Basi.

Sasa mvuke. Mafuta ya nazi yakiganda asubuhi ya baridi unayaweka juani si ndio? Basi kuanzia miaka ya 1960 wenzetu wanachemsha maji wanasukuma mvuke chini, mafuta yanalegea, yanateremkia kisimani, pampu inavuta. Ila kila pipa la mafuta linakuja na maji karibu mapipa kumi, yani ile pampu unayoiona inainama na kuinuka kutwa nzima kazi yake kubwa ni kutoa maji, na mengine yanatenganishwa, yanachanganywa na maji safi, yanaenda kumwagilia lozi. Usalama wake unabishaniwa mpaka leo na mimi mwenyewe niko nusu nusu.

Vitabuni mvuke unachorwa ukisambaa vizuri pande zote. Wapi! Ukikuta tabaka lenye upenyo unapita hapo hapo, mafuta ya pembeni unayaacha. Ndo maana hesabu zetu za akiba, yani mafuta yaliyobaki chini, ni za kubahatisha kuliko tunavyokubali hadharani: 1942 walikadiria Kern River imebakiwa na mapipa milioni 54, kufika 1986 zilikuwa zimeshatoka milioni 736 na makadirio ya wakati huo yakasema bado zipo milioni 970.

Na hiyo Dubai yenu, kaunti ya Kern, ambamo ndimo Bakersfield ilimo, inategemea kodi ya mali inayotozwa kwa thamani ya mafuta yaliyo bado ardhini, kwa hiyo bei ikianguka na kodi inaanguka hata kama hakuna pampu iliyosimama. Januari 2015 kaunti ikatangaza dharura ya fedha, na visima vyote vile viko pale pale.